Sekunde Tisa za Maeng Hae-ran

Watu wengi nchini walimjua Maeng Hae-ran kwa sekunde tisa. Mimi nimemjua kwa miaka ishirini na moja, tangu alipoingia mtaani kwetu Daerim akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, amemshika baba yake mkono. Kwa hiyo acha nisimulie mimi.

Naitwa Pyo Sun-nyeo. Nachoma mishikaki ya kondoo mkabala na bucha ya Maeng Gwang-cheol, baba yake Hae-ran. Sisi wote tumetoka Yanji. Babu zetu walikuwa Wakorea waliovuka mto kwenda Uchina wakati wa njaa, na sisi wajukuu tukarudi Seoul kutafuta riziki. Kule tulikuwa tukiitwa Wakorea, huku tunaitwa Wachina. Mtu akishasikia lafudhi yetu kwenye basi, anavuta mkoba wake karibu.

Miaka ile Hae-ran alipoanza shule, sinema zilikuwa zimejaa wauaji wa kukodiwa waliokuwa wakizungumza kama sisi. Wasichana watatu wa darasani walimfungia chooni wakamwambia aseme, kwa lafudhi ya kwao, “nitakuchinja.” Alikataa. Wakamzamisha kichwa kwenye beseni la kunawia lililojaa maji mpaka akanywa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu aliisema ile sentensi kama walivyotaka, kisha akamkamata kiongozi wao kwa nywele na kumgonga mdomo kwenye bomba. Meno mawili ya mbele yaling'oka. Baba yake aliitwa shuleni akapiga magoti mbele ya mwalimu mkuu. Njiani kurudi hakumpiga. Alimuuliza tu ile sentensi aliisikia wapi, maana nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuitamka. Hae-ran akamjibu kwamba kafundishwa na wale wasichana.

Baada ya hapo aliinyoosha lafudhi yake mpaka ikapotea kabisa. Ukimsikia kwenye simu ungedhani amezaliwa katikati ya Seoul. Alifaulu mitihani, akaingia chuo kikuu, akasoma mambo ya habari, akamaliza uzamili, akaanza uzamivu. Baba yake wakati huo alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu wa kulia ukaunga vibaya, akaacha ujenzi na kufungua bucha. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alikuwa anaweza kumpasua kondoo mzima huku anakuhadithia habari za mvua.

Utafiti wa Hae-ran ulihusu visu. Yeye mwenyewe aliuita kwa jina refu, lililokuwa na maneno kama vyombo vya habari na mtazamo wa umma, lakini kazi yenyewe ilikuwa hii: alikusanya habari zote za watu kuchomwa visu zilizotolewa na magazeti na televisheni kwa miaka kumi, zaidi ya elfu moja na mia tatu, akawa anasoma moja moja. Nani kauawa, kwa majeraha mangapi, muuaji ametajwaje. Aliniambia kwamba mtu wa hapa akimuua mkewe, anaandikwa “mume mwenye umri wa miaka arobaini.” Mtu wetu akifanya hivyo hivyo, kichwa cha habari kinaanza na asili yake, na picha ya kisu inakuzwa.

Kazi hiyo ilimkausha. Aliangalia mikanda ya kamera za ulinzi kutwa nzima, watu wanakatwa kwenye lifti, wanakatwa kwenye ngazi, wanajikokota wakiacha michirizi sakafuni. Alikuwa anakuja bandani kwangu, anakaa, haagizi chochote.

“Leo nimesoma watu arobaini, mama mdogo,” aliniambia siku moja. “Wote wamekufa.”

“Kula kwanza.”

“Mmoja alikuwa na majeraha sitini na mawili. Mwandishi ameyahesabu yote. Jina la marehemu hakuliandika.”

Nilimwekea supu, akainywa bila kuitazama. Nyama alikuwa ameacha zamani, yeye binti wa bucha.

Msimamizi wake, Profesa Seonu, alikuwa mzee mwenye sauti ya chini aliyeandika vitabu kadhaa. Aliisifu hesabu yake, lakini akamwonya kwamba kurasa zake zina hasira, na kwamba wasomaji watasema anatetea ndugu zake. Alimwagiza aondoe kila neno linaloonyesha anajisikiaje. Hae-ran alirudi akaondoa. Alisema tasnifu yake sasa ilisomeka kama taarifa ya daktari wa maiti.

Kisha ikaja Oktoba.

Ng'ambo ya mto unaopita katikati ya Seoul, kwenye baa moja, mtu alimchoma visu mhudumu na mteja aliyejaribu kumwokoa. Wote wawili walifia pale. Siku iliyofuata asubuhi kituo kimoja cha televisheni kilirusha picha ya kamera ya ulinzi: mwanamume mwenye koti la kijivu anaondoka akichechemea. Mtangazaji akasema shahidi mmoja alihisi amesikia lafudhi ya Yanji. Alihisi tu. Picha ile ilirudiwa kila baada ya dakika chache. Kufikia saa sita mchana mtu fulani asiyejulikana aliiweka mtandaoni kando ya picha nyingine, iliyopigwa na mpenda chakula mmoja mbele ya bucha: Maeng Gwang-cheol, amevaa koti la kijivu, ameegemea mguu mzima, kisu mkononi. Jina la mtaa lilisomeka juu ya kibao.

Hae-ran aliiona akiwa maktaba. Alimpigia baba yake simu akamwambia afunge duka mara moja na aende nyumbani kwangu. Mzee alikuwa na kondoo watatu wa harusi wa kukata. Alimjibu kwamba saa ya mauaji jana alikuwa dukani na mtaa mzima unajua.

“Mtaa unajua, baba,” binti akasema. “Wanaokuja hawaujui mtaa.”

Mzee alisema akimaliza atafunga. Hae-ran akatoka mbio kuelekea kituo cha treni.

Walifika saa tisa alasiri, vijana watatu, wawili wana magongo ya besiboli na mmoja ana bomba la chuma. Mimi nilikuwa napuliza mkaa. Niliwaona wakisoma kibao, wakitazama simu, wakitazama kibao tena. Wa mbele, ambaye baadaye tulikuja kujua anaitwa Nam Gi-beom, msambaza vifurushi wa miaka ishirini na sita, aliingia na kuuliza, “Ni wewe?”

Mzee alidhani ni wateja.

“Ndiyo, ni mimi. Mnataka mguu au mbavu?”

Gongo la kwanza lilimpata kwenye goti la ule mguu mbovu. Alianguka kwa magoti, bado ana kitambaa cha kufutia mikono. La pili lilimpata usoni, nikasikia mlio kama wa kibuyu kinachopasuka. Yule wa bomba alimpiga mgongoni mara tatu, nne, akipumua kwa nguvu kama mtu anayetwanga. Mzee hakupiga kelele. Alitambaa chini ya meza, akavuta kichwa chake kati ya mabega, na damu ikamfuata kwenye vigae.

Sikumbuki nimevukaje barabara. Nakumbuka nimebeba trei ya mkaa ulioiva kwa vitambaa viwili, na nikammwagia yule wa bomba shingoni. Alilia kama mtoto, akatupa bomba, akatoka nje akijipiga mwenyewe. Mwenzake wa pili akanigeukia. Gongo lilinivunja mbavu mbili. Nililala pale kati ya mapipa ya mifupa, sina pumzi ya kuita mtu, na barabarani watu walikuwa wamesimama wameinua simu.

Hae-ran aliingia akiwa bado na mkoba wa vitabu begani. Alimrukia Gi-beom kwa nyuma, akamvuta nywele mpaka kichwa kikapinda. Gi-beom alimsukuma ukutani penye kulabu za nyama. Moja ilimwingia kwenye bega la kushoto, ikachana alipojichomoa. Mwenzake alipoona damu hiyo ya msichana alikimbia. Gi-beom hakukimbia. Alimrudia mzee chini ya meza na kuinua gongo kwa mikono miwili.

Kisu kipana cha kukatia mifupa kilikuwa kimechomekwa kwenye gogo. Hae-ran alikichomoa, akakigeuza, akampiga mkononi kwa mgongo wa kisu. Nilisikia mfupa ukikatika. Gongo likaanguka. Na kama angeishia hapo nisingekuwa na cha kusimulia, lakini hakuishia hapo. Aliushika ule mkono uliovunjika, akauburuta mpaka kwenye gogo, akaubana kwa goti, akakigeuza kisu tena, sasa makali chini. Akakiinua juu ya kichwa. Uso wake wote ulikuwa mwekundu. Na kwa lafudhi ile ya Yanji ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwake kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, alisema, “Nitakuchinja.”

Akakishusha. Kilizama kwenye mti, sentimita moja kutoka kidole gumba. Gi-beom alikuwa amejikojolea.

Mmoja wa wale wa barabarani alikuwa amesogea mlangoni na simu yake, akarekodi kuanzia kisu kilipoinuliwa hadi Gi-beom alipopiga yowe. Sekunde tisa. Kabla ya ambulensi kufika hospitali, zilikuwa zimeshaangaliwa na watu laki mbili.

Jioni hiyo hiyo televisheni ilizirusha. Hazikuonyesha chini ya meza. Mtangazaji alisema mwanamke mwenye asili ya Uchina amemshambulia kijana kwa kisu cha bucha katika mtaa unaojulikana kwa uhalifu. Alama ya kuuliza iliwekwa mwishoni mwa kichwa cha habari, na nadhani walijihesabu kuwa waangalifu. Nilikuwa wodini nimefungwa bandeji kifuani, na muuguzi aliyekuja kunipima alitazama skrini, akanitazama mimi, akaita mwenzake waje wawili.

Wiki ile mtaa mzima tulilipia sekunde hizo. Vioo vya banda langu vilivunjwa kwa mawe. Bibi mmoja muuza tofu alisukumwa kwenye ngazi za kituo cha treni akavunjika nyonga. Vijana wetu nao hawakukaa kimya. Walimkamata mpita njia aliyekuwa akirekodi, wakamkanyaga mpaka akapoteza fahamu, na huyo naye akawa habari. Siku ya tano polisi walimkamata muuaji wa baa. Alikuwa mtu wa pwani ya kusini ambaye hakuwahi kuikanyaga Uchina. Mguu aliuumiza siku ile ile, akiruka dirisha. Kituo kile kilimpa sekunde arobaini, baada ya hali ya hewa.

Maeng Gwang-cheol alilazwa wodi ya mahututi siku kumi na tisa. Jicho la kushoto liliondolewa. Alipozinduka maneno yalikuwa yamemchanganyikia. Kisu alikiita kijiko, na binti yake alimwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani. Hae-ran alikaa kando ya kitanda, bega limeshonwa nyuzi kumi na sita, askari amesimama mlangoni, kwa sababu yeye pia alikuwa mtuhumiwa. Mahakama ilimwona na hatia kwa kile kitendo cha mwisho, cha kuubana mkono na kuinua makali. Kifungo cha nje, miezi minane. Hakukata rufaa. Aliniambia hakimu amesema kweli: gongo lilikuwa limeshaanguka.

Gi-beom alifungwa miaka mitatu, wenzake chini ya hapo.

Nilidhani masomo yameisha. Chuoni walimshauri apumzike, na nadhani walitumaini mapumziko yatakuwa marefu. Lakini aliporudi kwa Profesa Seonu hakupeleka barua ya kuacha. Alipeleka mpango mpya. Kamera ya ulinzi ya bucha ilikuwa imerekodi kila kitu, tangu vijana waliposoma kibao hadi kisu kilipozama kwenye gogo. Dakika nne. Alitaka kuchukua watu mia na ishirini kutoka miji ya mbali ambao hawakuwahi kuiona habari ile, awafunike nyuso wote waliomo kwenye mkanda, kisha nusu ya watazamaji waone zile sekunde tisa na nusu waone dakika nne, na wote waulizwe swali moja: nani hapa ni mshambuliaji?

Profesa aliupeleka kwenye kamati ya chuo, nasikia. Kamati ya maadili ilimkatalia mara mbili kwa kuwa anajichunguza mwenyewe. Mara ya tatu wakakubali, kwa sharti kwamba mtu mwingine ndiye awahoji.

Wakati kamati inajadili, alikwenda gerezani kumwona Nam Gi-beom. Mimi nilimkatalia. Nilimwambia ukimwona utaua mtu, au utakufa wewe. Akaniomba nimsindikize, basi nikaenda, nikakaa kwenye kiti cha nyuma na mbavu zangu.

Gi-beom aliingia akiwa amenenepa kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa umepona umepinda. Alipotuona alitaka kurudi, halafu akakaa. Hae-ran alifungua daftari. Alimuuliza kama angemuuliza mtu yeyote wa utafiti wake: ile picha ya mwenye koti la kijivu aliionea wapi mara ya kwanza, saa ngapi, mara ngapi kwa jumla.

“Kwenye gari, nikiwa kazini,” alisema. “Halafu kwenye simu. Labda mara kumi na nne.”

“Mara ya kwanza ulimfikiriaje?”

“Mara ya kwanza sikufikiri kitu. Mtu tu anachechemea.”

“Na mara ya kumi na nne?”

“Nilikuwa namjua.” Aliutazama mkono wake. “Sijui nikwambieje. Nilimjua kama mtu aliyenikosea mimi.”

Hae-ran aliandika.

“Ulipoingia dukani ukamwona kwa macho yako, alifanana naye?”

Askari alitazama saa.

“Hapana,” Gi-beom alisema. “Alikuwa mfupi. Na alituuliza tunataka nyama gani.”

“Kwa hiyo ulijua si yeye.”

“Nilijua. Lakini tulikuwa tumeshafika.”

Hae-ran alifunga daftari. Gi-beom aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza, akaomba msamaha kwa maneno ya heshima. Hae-ran alimwambia hakuja kwa ajili hiyo na hana msamaha wa kumpa, ila anamshukuru kwa majibu yake. Tulipofika nje ya lango alisimama kando ya ukuta, akasema kama si kamera ile ya simu, gogo lingekuwa na vidole vinne hadi leo. Nilimuuliza ana maana gani. Akasema kwamba alipoinua kisu aliiona ile simu mlangoni, na ndiyo iliyomfanya asogeze mkono kidogo. Si huruma. Hilo hakimu hakulijua, na hajaliandika popote. Ameniruhusu nilisimulie.

Matokeo yalipotoka alikuja nayo bandani. Kati ya watu sitini walioona sekunde tisa, hamsini na mmoja walisema mshambuliaji ni mwanamke. Hilo alilitarajia. Lakini kati ya sitini walioona dakika nne nzima, walioona mzee akipigwa, trei ya mkaa, kulabu, kila kitu, ishirini na watatu nao walisema ni mwanamke. Waliulizwa sababu. Mmoja aliandika, “Wale vijana walikuja na magongo, lakini yeye anaonekana amezoea.” Mwingine aliuliza kisu kikubwa vile kilikuwa kinafanya nini hapo. Kwenye bucha.

Nilikasirika. Nilimwambia afute hao ishirini na watatu, ni wapumbavu.

“Siwezi, mama mdogo.”

“Nani atajua?”

“Mimi nilidhani wakionyeshwa yote wataona yote,” alisema. “Miaka sita nimedhani hivyo. Sasa hao ndio tasnifu yenyewe.”

Aliandika sura mpya juu yao, ndefu kuliko zote. Safari hii Profesa Seonu hakumwambia aondoe maneno. Siku ya kutetea tasnifu, mjumbe mmoja wa jopo alimuuliza waziwazi kama mtu aliyewahi kuinua kisu juu ya mtu anaweza kuaminiwa kuchunguza wanaomwogopa. Hae-ran alimjibu kwamba hilo ni swali zuri, kwamba yeye mwenyewe ameliweka ukurasa wa kwanza, na kwamba asiyemwamini azikague hesabu. Wakazikagua saa mbili nzima. Wakampitisha, watatu dhidi ya wawili.

Siwezi kusema mambo yalinyooka baada ya hapo. Vyuo vinne vya Seoul vilimwita kwenye usaili, na katika kila kimoja ilifika mahali mtu akatoa simu kumwonyesha mwenzake chini ya meza. Chuo kidogo cha Jeonju kilimchukua. Alimhamishia baba yake huko, chumba cha chini kisicho na ngazi. Mzee alikuwa anakaa dirishani na jicho lake moja. Wageni wakigonga mlango, alikuwa anajificha chini ya meza, mwili ule mpana, na ilibidi binti yake aingie naye humo, wakae pamoja mpaka atulie. Maneno hayakumrudia yote. Lakini mara moja, nilipowatembelea, alishika mguu wa kondoo niliomletea, akaupasua kwenye kiungo kwa mapigo mawili, safi, bila kukosea, kisha akatutazama akashangaa kwa nini tunalia.

Alifariki Januari ya mwaka wao wa pili Jeonju, damu ilivuja tena kichwani. Tuliuchoma mwili wake, na majivu tukayapeleka Yanji, mimi na Hae-ran, kwenye baridi inayokata masikio. Bucha imekuwa duka la miwani.

Hae-ran alirudi Jeonju Jumapili. Jumatatu alikuwa na kipindi cha saa nne. Aliniambia kwa simu kwamba alifundisha, na kwamba wanafunzi walikuwa na maswali mengi.